Mashindano ya Motokaa Usiku: Shangwe Zake na Shaka Zake

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha tulikuta vijana saba wakitungoja nje ya msikiti. Wote walipata kuwa wanafunzi wetu wa chuoni. Watano ni waendesha bodaboda hapa Shinyanga, na wawili walikuwa wamefika kutoka Katoro, mkoani Geita, ambako huchimba dhahabu katika machimbo madogo. Walitoa salamu, kisha wakanyamaza kama watu wenye neno zito. Mkubwa wao ndiye aliyelisema.

“Maalim, Jumamosi ijayo saa nne za usiku twataka kushindana kwa pikipiki katika lami ya njia ya Tinde. Kila mmoja atatoa shilingi elfu kumi, na atakayetangulia atazichukua zote. Wazee wametukataza. Lakini Jeddah, mlango wa Makka, watu hushindana kwa motokaa usiku katika barabara ya mji, na dunia nzima hutazama. Kwa nini kule iwe ni furaha na huku iwe ni makosa?”

Hatukuwa na jibu. Mwalimu asiye na jibu yampasa kuuliza kabla ya kusema, kwa hiyo tuliwaomba watupe siku saba, nao kwa adabu yao wakakubali. Haya tunayoyaandika ndiyo tuliyoyapata katika siku hizo, na twayaandika kwa kuwa twajua swali hilo limo katika nyumba nyingi.

Kwanza imetupasa kusema kweli, kwamba kupenda mashindano si jambo geni wala si ugonjwa wa vijana wa leo. Wazee wa Usukuma wameyajua mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu tangu zama za babu zao, na mbio za baiskeli ni mchezo upendwao sana katika Kanda yetu ya Ziwa. Na mashindano ya motokaa yalianza kupita katika Afrika Mashariki mwaka 1953, pale yalipoanzishwa yale ya Safari, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, mchana na usiku, katika vumbi na matope. Mwaka 1966 na tena mwaka 1967 mshindi wake alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiendesha Peugeot. Mashindano hayo yaliondolewa katika orodha ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, na yaliporejeshwa mwaka 2021 huko Naivasha, watu walijaa kando ya njia kama watu waliorudishiwa mali yao iliyopotea.

Ama mashindano ya usiku katika barabara za mji, hayo ni mapya zaidi. Yale makubwa ya motokaa ziitwazo Formula One hayakupata kufanywa usiku hata mara moja mpaka tarehe 28 Septemba 2008, huko Singapore. Watazamaji waliyangoja kwa hamu, maana hawakupata kuona motokaa za namna ile ziking’aa chini ya taa, na majumba marefu ya mji yamezizunguka. Lakini na shaka zilikuwapo. Watu waliuliza: Umeme ukizimika ghafula itakuwaje? Mvua ikinyesha, mwanga hautarudi kutoka katika lami ukawatia madereva kiwi cha macho? Basi wenye mashindano waliweka taa kubwa nyingi kuzunguka njia yote, hata ikawa usiku umekaribia kufanana na mchana.

La kusikitisha ni kwamba ubaya uliotokea usiku ule haukutoka katika giza la mbingu, ulitoka katika giza la nafsi. Dereva mmoja aligonga ukuta, na kwa sababu hiyo mwenzake wa kundi moja akapata nafasi ya kutangulia, akashinda. Mwaka 2009 ikadhihirika kwamba aligonga kwa makusudi, kwa shauri lililopangwa kabla. Taa zote zile zilimulika njia, lakini hazikuweza kumulika nia.

Sasa tuje Jeddah. Mashindano ya kwanza huko yalifanywa tarehe 5 Desemba 2021, katika njia ya zaidi ya kilomita 6 kando ya Bahari ya Sham, yenye kona 27. Yalianza saa mbili na nusu za usiku, nayo ndiyo saa hiyo hiyo kwetu sisi. Kabla ya siku hiyo wapenzi wa mchezo walikuwa na furaha na hofu pamoja. Njia ilijengwa kwa muda usiotimia mwaka, na kazi ilikuwa ikiendelea hata siku chache kabla ya mashindano. Tena kuta zilikuwa karibu, kona nyingi dereva hawezi kuona mbele yake, na mwendo ulikadiriwa kupita kilomita 250 kwa saa.

Hofu ile haikuwa ya bure. Jioni ile ile, katika mashindano ya vijana yaliyotangulia, motokaa moja ilishindwa kuondoka mahali pa kuanzia, na nyingine ikaja nyuma yake ikaigonga kwa nguvu. Mmoja wa madereva wale alivunjika kisigino. Mashindano makubwa yenyewe yalisimamishwa mara mbili, kisha Lewis Hamilton akashinda. Mwaka uliofuata, mwezi Machi 2022, kombora lilipiga ghala la mafuta karibu na mji siku ya Ijumaa, na moshi ukaonekana kutoka njiani. Madereva walikaa katika mkutano mpaka usiku wa manane wakishauriana kama waendelee au waondoke. Waliendelea. Baada ya hapo kuta za baadhi ya kona zilisogezwa ili macho yapate kuona mbele.

Jambo moja lilitupendeza. Mwaka 2024, ilipoonekana kwamba Ramadhani ingekaribiana na siku ya mashindano, yalisogezwa nyuma yakafanywa Jumamosi tarehe 9 Machi badala ya Jumapili. Katika mashindano hayo kijana wa miaka 18, Oliver Bearman, aliitwa kwa ghafula kushika nafasi ya dereva aliyekuwa mgonjwa, naye akamaliza wa saba. Vijana wetu wote saba walilijua jina lake. Lakini hawakuwa wamefikiri kwamba kijana yule alianza mchezo huo tangu utotoni katika vigari vidogo, akapanda daraja moja baada ya jingine, na kwamba usiku ule alivaa vazi lisiloshika moto kwa upesi, na matabibu wakikaa tayari kando ya njia.

Nasi tukiri la kwetu. Kijana mmoja alituonyesha mashindano hayo katika simu yake, nasi tulitazama mpaka mwisho, na moyo ulitupiga kama wa mtoto. Kwa hiyo hatuwezi kumlaumu kijana kwa kupenda tulichokipenda sisi wenyewe.

Tukarudi katika vitabu. Imepokewa kwa Ibn Umar, katika mkusanyo wa Imam Bukhari, kwamba Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi. Wale waliozoezwa aliwawekea mwendo mrefu, kutoka al-Hafya mpaka Thaniyyatul-Wadaa, nao ni kiasi cha maili tano au sita. Wale wasiozoezwa aliwawekea mwendo mfupi, kutoka hapo mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, kiasi cha maili moja. Tazameni hekima hiyo, enyi vijana. Hakukataza mbio, bali alipima nguvu ya kila mnyama na njia yake. Ikiwa farasi alipimiwa kiasi chake, mwana wa Adamu atapimiwaje?

Siku ya saba tuliwaita wale vijana, hatukuwasomea hotuba. Tulikwenda nao nje ya mji mahali penye giza, katika kijia cha shambani kisichopitwa na magari. Tukamwambia mmoja asimamishe pikipiki yake na kuwasha taa. Mwingine, aliyevaa shati jeusi, tukamwomba atembee mbele akihesabu hatua kwa sauti, nasi tutasema pale atakapotupotea machoni. Huyo ni kijana ambaye baba yake amefariki, na mama yake na dada zake wawili hula kwa jasho lake. Alipofika hatua ya hamsini na tano tulisikia sauti yake tu. Yeye mwenyewe hatukumwona.

Hatua hizo ni kama mita 40. Tukafanya hesabu pamoja mchangani. Pikipiki iendayo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa nukta moja. Mtu huhitaji kiasi cha nukta moja ili macho yaone na mkono ushike breki, na baadaye chombo huhitaji kiasi cha mita 35 au zaidi kabla ya kusimama katika lami kavu. Jumla yapata mita 60. Taa huonyesha mita 40 tu. Basi atakayekuwa katika zile mita 20 za mwisho, awe mtoto, ng’ombe, au mwendesha baiskeli asiye na taa, ataonekana lakini hataokoka. Na katika njia ya Tinde yako pia malori yaendayo Kahama na mbele mpaka Rwanda na Burundi. Hakuna aliyesema neno. Yule wa shati jeusi alikuwa bado amesimama gizani.

Ndipo tulipowapa jibu letu. Jeddah njia imefungwa, imewashwa taa, ina kuta, ina matabibu, na waendeshaji wamezoezwa. Na pamoja na hayo yote bado watu wa kule wana shaka. Ninyi mngekuwa na giza, njia ya watu wote, na kofia mbili za chuma kwa watu saba. Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 195, kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe. Ama zile shilingi elfu kumi, kila mmoja kuweka mali yake na mmoja kuzoa zote ni kamari, ijapokuwa mbio zenyewe zingefanywa adhuhuri katika uwanja mtupu. Zawadi itolewayo na mtu wa nje asiyeshindana ina hukumu nyingine, na wanavyuoni wamehitilafiana juu ya mbio zisizokuwa za farasi, ngamia na mishale.

Mmoja wa wale wa Katoro akauliza: “Je Maalim, mchana, katika uwanja, bila fedha?” Tukamjibu kwamba hilo twaweza kulisimamia pamoja nao. Wameandika barua kwa wenye mamlaka kuomba uwanja na askari wa usalama barabarani, nasi tumetia sahihi yetu chini ya zao. Mpaka tuandikapo haya jibu halijafika, na subira ya vijana twaijua ni fupi.

Kwa hiyo twawaomba wazazi wasitosheke na kukataza. Kijana aliyekatazwa bila ya kuonyeshwa hungoja wazee walale. Mpelekeni gizani mkapime pamoja naye. Nasi kila usiku baada ya Isha, tusikiapo mlio wa pikipiki ukipanda kwa ghafula upande wa njia ya Tinde, huacha tunalolifanya, tukasikiliza mpaka umepita salama.