Siku Chang'aa Ilipotoka Kifungoni

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Hadithi ya leo ina chifu, mama pima na sheria mbili: moja ya mwaka 1980, nyingine ya mwaka 2010. Ni hadithi ya chang'aa. Nawasimulia mapema kwa sababu ninyi mtakutana nayo mapema, kwenye disko matanga, ile dansi ya usiku ya msibani, au nyuma ya boma la jirani, kabla mwalimu hajafika kwenye somo hilo.

Kwanza mjue kwamba hapa Kakamega pombe haikuanza na chang'aa. Wazee wetu walikuwa na busaa, ambayo wengine huiita amalwa. Unga wa mahindi huchachushwa kwa siku kadhaa, hukaangwa juu ya bati pana hadi unukie, kisha huchanganywa na maji na kimea cha wimbi. Wazee waliketi kuuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu, wakizungumza habari za mahari, tohara na mipaka ya mashamba. Busaa ni nzito, humshibisha mtu kabla haijamwangusha.

Chang'aa ni kinywaji kingine kabisa. Kilichochacha hutiwa kwenye pipa na kuwekwa motoni. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, wakati maji husubiri hadi 100, kwa hiyo mvuke unaotangulia kupanda umejaa kileo. Mvuke huo ukipozwa kwa maji baridi hudondoka tone kwa tone, mweupe kama maji ya kisima na mkali kama moto. Ndiyo maana wapikaji hupenda kukaa kando ya mto. Na kwa kuwa nchi yetu ni ya miwa, kuanzia Malava na Butali hadi Mumias, sukari nguru ya kuchachusha haiko mbali.

Sasa mtazameni mama pima, yaani mwanamke anayepika na kuuza chang'aa. Mama wa hadithi yangu nimemuumba kutokana na wengi: ni mjane, ana shamba dogo na watoto wanne, na karo ya muhula haijalipwa. Anaamka usiku wa manane, anawasha kuni, anakaa karibu na pipa macho yakimtoka machozi kwa moshi. Alfajiri anajaza kibuyu cha plastiki, anakifunika kwa majani ya migomba na kukificha. Jioni anauza kwa glasi. Mwanawe wa kwanza atafanya mtihani wa kidato cha nne kwa fedha hiyo. Baba wa jirani atakunywa fedha ya mbolea ya shamba lake, naye atafika nyumbani akiwa mkali kwa watoto. Yote mawili ni kweli, na anayewaeleza moja tu anawadanganya.

Mwaka 1980, wakati wa Rais Daniel arap Moi, Kenya ilipata sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Kuipika, kuiuza hata kuwa nayo lilikuwa kosa. Ikaja misako. Mbwa wanabweka, tochi zinamulika, mapipa yanapinduliwa, na mama anakimbilia kwenye mahindi akiwa na mtoto mgongoni. Akikamatwa alipelekwa kortini, akatozwa faini. Faini aliilipa kwa fedha gani? Alirudi kando ya mto akapika tena. Wengine walijifunza njia fupi ya kumpa askari kitu kidogo kila wiki, na msako ukapita nyumba ya pili. Kwa miaka 30 chang'aa haikutoweka. Ilihamia gizani, na gizani hakuna mtu anayepima kilichomo ndani ya glasi.

Sikieni basi yaliyotokea Novemba 2000, katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi. Watu walikunywa pombe waliyoiita kumikumi, kwa sababu glasi moja ilikuwa shilingi 10. Zaidi ya watu 130 walikufa. Wengine walinusurika lakini wakapofuka. Walisimulia kwamba waliuliza kwa nini taa zimezimwa, kumbe ni mchana.

Kilichowaua kinaitwa methanoli. Ni ndugu wa kileo cha kawaida: hakina rangi, na harufu na ladha yake haviwezi kumwonya mnywaji. Hutumika viwandani kutengeneza rangi, gundi na vitu vya kuyeyushia. Nafaka na sukari zikichacha hutoa methanoli kidogo mno. Ile inayoua huwa imetiwa na mtu anayetaka pombe yake iwe kali kwa gharama ndogo. Ikifika tumboni, ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa jicho na kuitia damu sumu. Ubaya wake ni kwamba dalili huweza kuchelewa saa 12 au hata siku nzima, mnywaji akidhani amelewa tu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawakuishi kuona siku ambayo litatiwa sumu ya kiwandani.

Misiba ya namna hiyo ilipozidi, watu walianza kuuliza swali gumu: marufuku inamlinda nani? Mbunge wa Naivasha wakati huo, John Mututho, alipeleka mswada bungeni, na mwaka 2010 Rais Mwai Kibaki akautia saini. Wakenya wengi waliiita Sheria ya Mututho. Ilifuta ile ya 1980, na chang'aa ikatoka kifungoni. Kuanzia hapo kosa halikuwa tena chang'aa yenyewe. Kosa lilikuwa kuipika au kuiuza bila leseni, kuitia sumu, au kumuuzia mtoto aliye chini ya miaka 18. Baa ikae angalau mita 300 kutoka shuleni. Siku za kazi isifunguliwe kabla ya saa kumi na moja jioni. Pombe ifikie viwango vya Shirika la Viwango la Kenya, na chang'aa iuzwe ndani ya chupa ya kioo yenye karatasi inayoeleza kilichomo.

Nia ilikuwa njema, nami naiheshimu hadi leo. Lakini mrudieni mama pima wetu. Atapata wapi mtambo, maabara, chupa za kioo na ada ya leseni? Sheria ilimfungulia mlango ambao hakuwa na miguu ya kuufikia. Waliopita ni wenye mtaji. Madukani zikajaa pombe kali za bei rahisi kwenye vichupa vya plastiki, nyingine zenye leseni halali na nyingine zenye leseni ya kughushi. Mwezi Mei 2014 pombe yenye sumu iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwemo. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru msako mkubwa wa pombe hizo. Na Februari 2024, kijijini Kangai, Kirinyaga, watu 17 walikufa. Serikali yenyewe ilisema kinywaji hicho kilikuwa kielelezo cha kesi, kilichotoka katika kituo cha polisi.

Huku kwetu, mama pima alibaki palepale kando ya mto, bila leseni, chifu akimfukuza kama zamani. Utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulionyesha kuwa eneo la Magharibi lilikuwa na kiwango kikubwa cha wanywaji kuliko maeneo mengine yote ya nchi: asilimia 23.8 ya watu wa miaka 15 hadi 65, yaani karibu mtu mmoja kati ya wanne.

Msidhani ni sisi peke yetu. Marekani ilipiga marufuku pombe mwaka 1920. Watu wakanywa vileo vya viwandani, ambavyo serikali ilikuwa imeagiza vitiwe methanoli ili visinyweke, na maelfu wakafa. Marufuku hiyo ikafutwa mwaka 1933. Jirani zetu wa Uganda walijaribu njia nyingine miaka ya 1960: wapikaji wa enguli, pombe yao kali inayofanana na chang'aa, walitakiwa kuwa na leseni na kuiuza kiwandani, ikasafishwe na kuwekwa kwenye chupa. Kiwanda kikapata jina kubwa, lakini vijijini wengi waliendelea kupika na kuuza bila leseni, kama huku.

Nikiyaweka haya yote pamoja, naona jambo moja waziwazi. Kumtoa mtu kwenye orodha ya wahalifu ni nusu ya kazi, na hiyo nusu ikiachwa peke yake haiponyi mtu. Nusu ya pili ndiyo yenye gharama. Anahitajika ofisa wa afya anayeweza kupima pombe ya kijijini bila pingu mkononi. Wapikaji wadogo waweze kuungana kwenye chama cha ushirika, wagawane mtambo na leseni moja, au wasaidiwe kupata kazi nyingine inayolipa karo. Na kiwepo kituo cha karibu cha kumtibu mtu aliyezoea pombe hadi haiwezi kumtoka. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe. Kwa hiyo mambo haya yanaamuliwa mjini Kakamega, na si lazima tungoje Nairobi.

Ninyi bado ni wadogo, na pombe si yenu. Lakini yapo mawili mnayoweza kufanya. La kwanza: mkimsikia mtu aliyekunywa akisema macho yana ukungu, tumbo linakata, anapumua kwa kasi, msimwache alale. Mwambieni mtu mzima ampeleke hospitalini mara moja. Zipo dawa zinazozuia ini lisiigeuze methanoli kuwa sumu, na ipo mashine ya kusafisha damu, ila vyote vinataka kuwahi. Wengi wamekufa kwa sababu nyumba nzima iliogopa kuulizwa walinunua wapi. Hofu hiyo msiirithi.

La pili litakuja mkishapata kura. Mwanasiasa akisimama Khayega au Shinyalu akaahidi kumaliza chang'aa, muulizeni nani atapima kilicho ndani ya glasi, mama pima atalipa karo kwa fedha gani, na anayetaka kuacha atatibiwa wapi. Asiyekuwa na jibu la hayo matatu ameleta msako mwingine tu, na misako tumeshaiona tangu 1980.