Rovu: Tezi ya shingo inapokosa iodini katika milima ya Gusii

ALIYEPITA katika soko la Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, mwanzoni mwa miaka ya themanini, huenda anawakumbuka akina mama wazee walioketi nyuma ya mafungu ya ndizi na wimbi, shingo zikiwa zimetuna kana kwamba wamemeza embe. Sisi watoto tulionywa tusiwakodolee macho. Hakuna aliyetueleza kwamba uvimbe ule, rovu au goita, ulikuwa dalili ya tezi inayotafuta madini isiyoyapata.

Tezi yenyewe, thairoidi, ina umbo la kipepeo na imekaa mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo. Hutwaa iodini kutoka katika damu na kuunda homoni, hasa thairoksini, zinazoamua kasi ya mwili: moyo upige haraka kiasi gani, chakula kigeuzwe kuwa nguvu na joto kwa upesi gani, na ubongo wa mtoto ukomae vipi. Mnyapara wake ni tezi nyingine ndogo, pituitari, iliyo chini ya ubongo. Homoni zikipungua, pituitari hutoa kichocheo cha TSH ili thairoidi iongeze bidii. Pasipo iodini, amri hiyo haikomi, na tezi inayosukumwa bila malighafi hufura.

Msomaji atauliza: nchi yenye rutuba kama Gusii, inayositawisha majani chai na ndizi, yawezaje kukosa kitu? Jibu ni mvua yenyewe. Kwa karne nyingi imekuwa ikiosha iodini kutoka katika udongo wa milima hii, na kisichokuwa udongoni hakiwezi kuwa katika mboga wala maziwa.

Dawa yake ilitoka mbali. Mwaka wa 1978 sheria ya Kenya ililazimisha chumvi ya kula kutiwa iodini. Chumvi yetu nyingi huvunwa Magarini, Kilifi, kwa kukausha maji ya bahari, na wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa ni ya bahari ina iodini tosha. La hasha, huongezwa kiwandani. Mwaka wa 1994 asilimia 16 ya watoto wa shule nchini walikuwa na rovu. Kufikia 2004 walikuwa asilimia 6.

Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu za iodini kwa siku, na mja mzito 250. Hapo kwa mja mzito ndipo penye hatari kubwa kuliko shingo iliyovimba: mtoto aliyekosa homoni hizi tumboni huweza kuzaliwa na ubongo uliodumaa, na hasara hiyo hairekebishiki baadaye.

Hata hivyo, si kila uvimbe wa shingo ni wa iodini. Kinga ya mwili huweza kuishambulia thairoidi ikalegea: mgonjwa huhisi baridi, huchoka, hunenepa, hufunga choo na ngozi yake hukauka. Huweza pia kuichochea kupita kiasi, kama katika ugonjwa wa Graves: moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, mwili hukonda ilhali mtu anakula vyema, na macho huenda yakatokeza. Huyu wa pili mara nyingi hudhaniwa ana wasiwasi tu. Kipimo cha damu cha TSH na thairoksini ndicho hutenganisha mambo, na uvimbe unaokua upesi au wenye kinundu kigumu hufaa kuchunguzwa kama ni saratani.

Tezi iliyochangamka mno hutulizwa kwa vidonge kama kabimazoli, kwa iodini yenye mnururisho, au kwa upasuaji. Rovu kuukuu linalobana koo huhitaji kisu, chumvi halitaliondoa. Aliye na thairoidi iliyolegea hupewa levothairoksini, mara nyingi kwa maisha yake yote, naye huimeza kwa maji matupu angalau nusu saa kabla ya kifungua kinywa. Chai ya maziwa, ambayo huku kwetu ndiyo hufungua siku, huizuia isifyonzwe vyema.