Marshall, Santa Clara na Rekodi za Msimu wa Corona

Tangu mashindano ya soka ya wanaume ya vyuo vikuu vya Marekani yaanze mwaka 1959, bingwa kwa kawaida hupatikana mwaka unapoelekea ukingoni. Mwaka 2020 hakupatikana. Corona ilifunga viwanja, na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kikasogeza mashindano hadi Aprili na Mei 2021. Idadi ya timu za wanaume ilishushwa kutoka 48 hadi 36, na mechi zote zikapelekwa North Carolina. Wapo wanaolitazama kombe lile kwa jicho la pembeni, kana kwamba halina uzito wa makombe mengine. Mimi naona lilikuwa gumu kuliko mengi, na rekodi zake zinanitetea.

Mabingwa waliokaa na kombe muda mrefu kuliko wote ni Georgetown: walilitwaa Desemba 2019 na wakavuliwa Mei 2021, takriban miezi 17. Waliowavua, Marshall wa West Virginia, ndio waliokaa nalo muda mfupi zaidi, maana kufikia Desemba 12 mwaka huohuo lilikuwa limekwenda kwa Clemson.

Na njia ya Marshall ndiyo ngumu kuliko zote ninazozijua katika mashindano haya. Hawakuwa wamepangwa miongoni mwa vigogo, na ilikuwa mara yao ya pili tu kufuzu. Baada ya kuwatoa Fordham, walikutana na Clemson, waliopewa nafasi ya kwanza, wakawatoa kwa mikwaju ya penalti. Wakafuata Georgetown waliokuwa wakitetea ubingwa: 1-0. Nusu fainali walicheza na North Carolina, wenyeji wa jimbo: 1-0. Fainali pale Cary, Mei 17, ikawaleta Indiana, chuo chenye makombe manane. Dakika 90 ziliisha bila bao. Dakika ya 98 mpira ulirudi kutoka kwa kipa, Mwingereza Jamil Roberts akauwahi na kuusukumia wavuni. Ni yeye pia aliyefunga dhidi ya Georgetown na North Carolina: mabao matatu, kila moja likitosha kumaliza mechi. Hakuna mshambuliaji anayeweza kudaiwa zaidi ya hapo.

Enzi hizo bao la muda wa nyongeza lilimaliza mchezo papo hapo. NCAA iliifuta kanuni hiyo mwaka 2022, kwa hiyo bao la Roberts ndilo bao la dhahabu la mwisho kuamua fainali ya wanaume.

Bao la haraka kuliko yote katika fainali za wanaume lilifungwa miezi michache tu baadaye. Isaiah Reid wa Clemson alizifumania nyavu za Washington sekunde ya 27, akaongeza la pili, wakashinda 2-0. Ndivyo mwaka mmoja wa kalenda ulivyopata mabingwa wawili, na wa pili akawa yuleyule aliyetolewa kwa penalti na wa kwanza.

Kwa wanawake, rekodi ya msimu ule wa corona inayoniuma ni ya Florida State. Walifika fainali bila kupoteza mechi, wakatangulia kufunga, Kelsey Turnbow akaisawazishia Santa Clara dakika za mwisho, na kombe likaamuliwa kwa penalti, 4-1. Kwa kanuni za vyuo, mechi iliyofika kwenye penalti huandikwa sare. Florida State, basi, walimaliza msimu bila kufungwa na bila kombe. Santa Clara walipata ubingwa wao wa pili. Wa kwanza ulikuwa wa 2001, na kocha alikuwa Jerry Smith mara zote mbili.

Desemba 2021 Florida State walirudi fainali, wakatoka 0-0 na BYU na kushinda kwa penalti, 4-3. Uwanja waliochezea ulikuwa wa chuo cha Santa Clara.