Kikundi Chenu Kinataka Kwenda Pwani? Pangeni Hivi

Vikundi vingi vya mitaa yetu, kuanzia Kayole na Umoja mpaka Dandora na Makadara, vina hamu ya kwenda Pwani. Wengine wanaenda kupumzika baada ya mwaka mzima wa kuchanga. Wengine wanaenda kujifunza kwa vikundi vya huko. Hamu hiyo ni nzuri. Lakini safari ikipangwa vibaya inaweza kuvunja chama kilichojengwa kwa miaka. Pesa zinaisha njiani, watu wanalaumiana, na mweka hazina anaanza kuepukwa na wenzake. Mbaya zaidi, watu wanaweza kupoteza maisha kwa kupanda chombo kisichofaa.

Makala hii inaeleza jinsi ya kupanga. Neno kubwa ni moja: msihesabu nauli ya basi au gari moshi peke yake. Hesabuni safari yote kwa vipande, kutoka mlangoni mwenu mpaka mlango mnaokwenda, na kurudi.

Tuanze na mfano

Tuseme kikundi cha watu 20 kutoka Umoja kinataka kwenda Gazi, Kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa. Huko wanakijiji wa Gazi na Makongeni wana mradi unaoitwa Mikoko Pamoja. Wanatunza hekta 117 za mikoko, na tangu 2013 wanalipwa kwa sababu mikoko hiyo inahifadhi hewa ya kaboni. Pesa hizo husaidia maji na shule za vijiji vyao. Kikundi chochote cha kujisaidia kina la kujifunza hapo.

Katika mkutano mtu mmoja anasimama na kusema, "Nauli ni elfu moja na mia tano tu, tuchange twende!" Ni kweli kwamba tangu Januari 2024 tiketi ya daraja la kawaida kwenye gari moshi la Madaraka Express kutoka Nairobi mpaka Mombasa iliwekwa shilingi 1,500. Lakini hebu tuone vipande vyote kwa mtu mmoja. Bei nyingine hapa ni za mfano tu. Nyinyi ulizeni za siku yenu.

- Umoja mpaka stesheni ya Syokimau, kwenda na kurudi: 300
- Gari moshi, kwenda na kurudi: 3,000
- Stesheni ya Miritini mpaka feri ya Likoni, kwenda na kurudi: 300
- Feri ya Likoni kwa mtu wa miguu: bure
- Likoni mpaka Gazi kwa matatu, kwenda na kurudi: 500
- Chakula na malazi ya usiku mmoja: 2,000

Jumla ni 6,100. Ongezeni sehemu moja ya kumi kwa dharura, yaani 610. Inakuwa 6,710. Mnaona? Ile elfu moja na mia tano ilikuwa chini ya robo ya gharama yote. Kikundi kikichanga 280 kila wiki kwa mtu, kitafika baada ya wiki 24. Kwa hivyo safari ya Desemba inaanza kuchangiwa mwezi wa sita, si mwezi wa kumi na moja.

Gari moshi, basi au gari la kukodi?

Gari moshi linafaa kwa wazee na watoto kwa sababu halichoshi sana. Tiketi hununuliwa mapema, na kila mtu aje na kitambulisho chake. Msimu wa Krismasi na Pasaka nafasi huisha haraka. Fikeni stesheni saa moja kabla ya kuondoka kwa sababu mizigo yote hukaguliwa. Jambo lingine: stesheni ya Mombasa haiko mjini, iko Miritini. Lile gari la usiku hufika huko kabla ya kukucha. Kama hamna mtu wa kuwapokea, pandeni la asubuhi.

Basi lina faida ya kushusha watu katikati ya mji. Barabara ya Nairobi mpaka Mombasa ni karibu kilomita 480, na basi huchukua saa 8 mpaka 10, au zaidi kukiwa na msongamano wa malori. Safari ya mchana ni afadhali kuliko ya usiku. Barabara hii ina malori mengi, na dereva aliyechoka haoni mbali. Abiria ana haki ya kumwambia dereva apunguze mwendo. Gari la abiria halitakiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Msiogope ati mtaitwa washamba.

Gari la kukodi linapendwa na vikundi kwa sababu mnakaa pamoja, mnaimba pamoja na mnasimama mnapotaka. Lakini hapa ndipo vikundi vingi huumia. Kabla ya kutoa hata shilingi moja ya kushika nafasi, ulizeni haya:

1. Je, gari lina leseni ya kubeba abiria? Gari la mtu binafsi lina bima ya mtu binafsi. Likibeba watu waliolipa nauli na ajali itokee, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa. Hapo majeruhi anabaki na deni la hospitali.

2. Kama ni matatu ya mtaani, je, mwenyewe amechukua kibali cha muda mfupi kutoka NTSA cha kutoka nje ya njia yake ya kawaida? Bila karatasi hiyo, polisi wanaweza kuwazuia Mlolongo kabla jua halijatoka. Ombeni kuiona kwa macho.

3. Madereva ni wangapi? Kanuni za 2014 za magari ya abiria zinasema dereva asiendeshe zaidi ya saa 8 katika saa 24. Dereva mmoja hawezi kuwapeleka mpaka Gazi na kugeuza usiku huohuo.

4. Mafuta ni ya nani? Chakula na malazi ya dereva je? Gari likiharibika Voi, nani analipia la pili? Yaandikeni, kila upande utie sahihi.

Wachache wenu wakikodi gari dogo la kujiendesha wenyewe, lizungukeni kabla ya kuondoka. Pigeni picha kila mkwaruzo na kila dirisha, na muandike kipimo cha mafuta. Someni kwenye mkataba ni kiasi gani cha hasara mtalipa nyinyi hata kama gari lina bima. Ulizeni pia kama mnaruhusiwa kufika Pwani, maana wengine huweka mpaka wa kilomita.

Kuvuka maji

Anayekwenda Kilifi au Malindi havuki kwa feri siku hizi. Daraja jipya la Nyali lilifunguliwa 1980 na la Kilifi 1991. Anayekwenda Lamu hupanda basi mpaka Mokowe, halafu boti. Lakini anayetoka kisiwani Mombasa kwenda Ukunda, Gazi au Msambweni hukutana na feri ya Likoni.

Msiidharau kwa sababu ni mwendo mfupi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, hapo karibu, ilipinduka na watu 272 wakafa. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi. Na tarehe 29 Septemba 2019 gari dogo lilirudi nyuma kutoka kwenye feri ya Likoni, likazama na mama na mtoto wake ndani.

Kwa hivyo fuateni haya. Feri ikionekana imejaa, subirini inayofuata, nyingine inakuja. Msikimbilie mlango wakati feri inatia nanga au inaondoka. Msisongamane upande mmoja ili kutazama meli. Kila mtu mzima ashike mkono wa mtoto mmoja. Waliokuja na gari washuke wavuke kwa miguu, dereva abaki na breki ya mkono imevutwa. Mkishafika ng'ambo, hesabuni watu kabla ya kupanda matatu ya Likoni.

Kikundi chenye gari la kukodi kina njia nyingine. Tangu 2024 barabara ya Dongo Kundu inatoka upande wa Miritini, inapita daraja la Mteza lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, na kutokea Kwale bila kuingia kisiwani. Haina feri wala foleni ya feri. Mwambieni dereva mapema.

Mambo ya kukubaliana kabla ya kuchanga

Kwanza, pesa za safari zikae mbali na pesa za mikopo na za matanga. Mwanachama akifiwa wiki ya safari, msilazimike kuchagua kati ya kumsitiri marehemu na kwenda baharini.

Pili, kubalianeni mapema mtu akijitoa anarudishiwa nini. Kwa mfano, akijitoa mwezi mmoja kabla anarudishiwa zote. Akijitoa baada ya tiketi kununuliwa anarudishiwa ya chakula tu. Andikeni kwenye kitabu cha mikutano. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini asomewe yaliyoamuliwa.

Tatu, pesa ya kurudi isiguswe. Nunueni tiketi za kurudi pamoja na za kwenda, au pesa hizo zishikwe na watu wawili ambao si ndugu.

Nne, wapigieni simu wenyeji wenu wiki moja kabla, na tena siku ya kuondoka. Waulizeni kuhusu mavazi na desturi za kijiji. Ulizeni pia kama malazi yana neti, kwa maana malaria ya Pwani humshika haraka mtu wa Nairobi ambaye mwili wake haujaizoea. Mtu akirudi na homa, aende kupimwa siku hiyohiyo na amwambie daktari alitoka wapi.

Wahenga walisema mipango si matumizi. Ni kweli, lakini matumizi bila mipango ndiyo huacha watu stendi ya Mwembe Tayari wakiomba nauli ya kurudi nyumbani.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Safari yetu ina vipande vingapi, na kila kimoja kina bei gani?
2. Nani kati yetu hawezi kuchanga kiasi hicho, na tutamsaidia vipi bila kumwaibisha?
3. Tukirudi, tutawaeleza nini wenzetu waliobaki ili nao wafaidike?