ALIYETIWA STENTI ASIACHE VIDONGE

Ndugu wafanyakazi,

Mwenzetu mmoja wa kiwandani aliugua moyo, akapelekwa hospitali kubwa, akatiwa stenti. Baada ya miezi miwili alirudi kazini ana nguvu zake. Vidonge vilipokwisha hakuwa na fedha za kununua vingine, na kwa kuwa hakusikia maumivu, akadhani amepona. Haikupita wiki tatu akaanguka kando ya mashine. Tulimzika. Ndiyo sababu naandika.

Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma. Huwekwa ndani ya mshipa wa moyo ulioziba ili damu ipite. Watu wa kwanza walitiwa mwaka 1986, huko Ufaransa na Uswisi. Lakini chuma ni kigeni mwilini, na damu hutaka kuganda juu yake. Donge likiziba stenti, moyo hukosa damu ghafula, na wengi hufa. Siku 30 za kwanza ndizo za hatari zaidi, maana utando wa mshipa bado haujakifunika chuma.

Nani yuko hatarini zaidi?

1. Aliyeacha dawa mapema. Hili ni kubwa sana. Dawa ni mbili pamoja: aspirini na nyingine kama klopidogreli. Kwa kawaida huliwa miezi 6, au miezi 12 kwa aliyepatwa na shambulio la moyo. Baadaye mara nyingi hubaki moja. Muda hupangwa na daktari.
2. Mwenye kisukari, figo mbovu au moyo uliodhoofika.
3. Mvuta sigara.
4. Aliyetiwa stenti wakati wa shambulio la moyo, au mwenye stenti ndefu, nyembamba, au isiyotanuka sawasawa.

Hayo ya nne hatuyawezi sisi. Sigara na vidonge tunaviweza.

Ukienda kung'oa jino au kupasuliwa, sema kwanza kwamba una stenti. Usiache kidonge mpaka daktari wa moyo aseme. Kifua kikibana, usingoje zamu iishe. Mwambie mnyapara, nenda hospitali saa ile ile.

Nanyi viongozi wa matawi, mnapokaa mezani na mwajiri, dawa za baada ya hospitali ziandikwe katika mkataba. Matibabu yanayoishia mlangoni pa hospitali ni nusu ya matibabu. Mwenzetu hakukosa daktari, alikosa bei ya vidonge.

Umoja ni nguvu.