SAMADI NA MBOLEA YA NAITROJENI KATIKA SHAMBA LA PAMBA

Mkulima wa pamba, yafaa ujue ni kitu gani kinachotoka shambani mwako kila mwaka. Nyuzi nyeupe zimetokana zaidi na hewa na maji, wala haziondoi mengi katika ardhi. Bali mbegu iliyo ndani yake imebeba naitrojeni, nayo huenda kiwandani pamoja na nyuzi. Tena mashina hung'olewa na kuchomwa moto ili funza wasipate maficho. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini moto huipeleka naitrojeni hewani. Shamba litoalo daima bila kurudishiwa litachoka.

1. Dalili za njaa. Mmea ukikosa naitrojeni, huihamisha kutoka majani ya zamani kwenda majani machanga. Kwa hiyo majani ya chini hugeuka manjano kwanza. Lakini usikimbilie kununua mbolea. Katika udongo mweusi wa mbuga, maji yakituama mizizi hukosa hewa, na majani huwa manjano vilevile. Hapo dawa ni mfereji.

2. Samadi. Katika udongo wa kichanga, kama ule ambao Wasukuma huuita luseni, anza na samadi ya zizini. Hulisha mmea polepole, na husaidia udongo kushika maji. Ilundike pamoja, uifunike isikaushwe na jua wala kuoshwa na mvua, kisha uitie shambani kabla ya kupanda.

3. Majivu. Majivu hayana naitrojeni, kwa maana imekwisha kuungua. Faida yake ni kupunguza ukali wa udongo wenye asidi. Usiyachanganye na samadi mbichi wala na mbolea ya dukani, kwa kuwa naitrojeni itageuka hewa yenye harufu kali na kupotea.

4. Mbolea ya dukani. Usiangalie bei ya mfuko peke yake. Mfuko wa kilo 50 wa yurea una kilo 23 za naitrojeni. Mfuko kama huo wa salfeti ya amonia una kilo 10 na nusu tu. Yaani nusu mfuko wa yurea washinda mfuko mzima wa salfeti. Salfeti nayo ina salfa, ambayo pamba huihitaji; lakini ikitumiwa miaka mingi mfululizo huongeza asidi ya udongo.

5. Wakati na namna. Palilia kwanza, usije ukalisha magugu. Tia sehemu moja baada ya kupunguza miche, na sehemu ya pili vitumba vya maua vinapoanza kuonekana. Usitie yote mara moja, maana mvua kubwa huizamisha chini ya mizizi. Chimba kijifereji, upana wa kiganja kutoka shinani na kina cha vidole vitatu. Tia mbolea, ufukie. Yurea ikiachwa juu ya udongo hupotea hewani.

6. Usizidishe. Pamba iliyoshiba kupita kiasi hurefuka, hujaa majani, huvuta vidukari, na hukawia kupasua vitumba.

Kabla ya kutumia fedha nyingi, acha mistari michache bila mbolea katikati ya shamba. Wakati wa kuvuna, pima pamba yake mbali, na pima pamba ya mistari mingine iliyo sawa nayo kwa idadi. Kama ziada hailipi gharama ya mbolea, mwite Bwana Shamba akague udongo wako kabla hujakopa mfuko mwingine.