Kenya: Nyigu wanaolinda mahindi, na sababu ya kuwatofautisha

Katika nchi jirani ya Kenya, wakulima wa mahindi hupata hasara kubwa kutokana na viwavi wa nondo wanaotoboa mabua. Dawa ya kunyunyiza huwafikia kwa shida, kwa kuwa hujificha ndani ya bua. Nyigu wadogo wa jenasi ya Cotesia, hata hivyo, huwafuata humo humo.

Nyigu hao ni wa familia ya Braconidae, katika oda ya Hymenoptera inayojumuisha pia nyuki na siafu. Jike humchoma kiwavi na kumtia mayai pamoja na virusi vinavyodhoofisha kinga ya mwili wake. Mabuu hukua ndani ya kiwavi, kisha huitoboa ngozi yake, hutoka na kufuma vifukofuko vyeupe. Kiwavi hufa.

Mwaka 1993, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye makao yake Nairobi, kiliwaachilia katika pwani ya Kenya nyigu aina ya Cotesia flavipes waliotoka Pakistan. Walilengwa viwavi wa Chilo partellus, nondo aliyeingia Afrika kutoka Asia. Nyigu walistawi, na viwavi hao wakapungua.

Katika nyanda za juu hali ni tofauti. Huko hutawala Busseola fusca, nondo wa asili ya Afrika, ambaye kinga ya kiwavi chake huyazingira mayai ya nyigu huyo mgeni na kuyaangamiza. Anayefaulu ni Cotesia sesamiae, nyigu mwenyeji. Lakini si kila kizazi chake. Wale wa magharibi mwa Kenya humshinda Busseola, ilhali mayai ya wale wa pwani hufia ndani ya kiwavi. Kwa macho, ni vigumu kuwatofautisha.

Mwaka 2017, wanasayansi walitangaza spishi mpya, Cotesia typhae, iliyokuwa ikihesabiwa kuwa ni sesamiae. Hiyo humshambulia nondo mmoja tu, Sesamia nonagrioides.

Kwa hiyo, uainishaji wa wadudu si suala la majina matupu. Nyigu asiyefaa akiachiliwa shambani, gharama hupotea na viwavi huendelea kula.

Naye mkulima ana sehemu yake. Akipasua bua na kukuta vifukofuko vyeupe kando ya kiwavi aliyenyauka, asiviponde: humo watatoka nyigu watakaowasaka viwavi waliosalia.